Kupima asbesto nyumbani: ukate sampuli mwenyewe au umwite mtaalamu?

#1 Kenchi

Wakuu, salaam. Tumenunua nyumba ya zamani, ilijengwa kabla ya miaka ya 1980, na tunataka kuikarabati kabla ya kuhamia. Kuna vitu vitatu vinaninyima usingizi.

Paa ni la mabati ya saruji ya mawimbi, ya kijivu, yameota kuvumwani. Dari ni la bodi zilizopigiliwa misumari na kupakwa rangi. Kwenye kona ya chumba kimoja maji yaliwahi kuvuja, bodi ikalainika na sasa inamomonyoka. Sakafu ya jikoni ina vigae vya plastiki vya mraba, vimebandikwa kwa gundi nyeusi ya lami.

Fundi wa kwanza alitazama akasema yote hiyo ni asbesto. Wa pili akasema hakuna kitu, tubomoe tuendelee. Wote wawili walitumia macho tu. Baadaye nikakuta kuna vifurushi vya kujipimia: unakata kipande kidogo, unakitia mfukoni, unakituma maabara. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kumleta mkaguzi.

Naomba ushauri wa watu wanaolijua hili jambo. Nikate mwenyewe au nisithubutu? Kuna watoto wawili watakaoishi humo, kwa hiyo sitaki jibu la kubahatisha.

#2 Msumari

Kenchi, hongera kwa nyumba, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya nyundo kuingia. Mimi ni mkaguzi wa majengo ya zamani. Tuahirishe kidogo swali la nani akate, tuanze na hili: unataka kuvifanya nini hivyo vitu vitatu?

Asbesto ni kundi la madini sita yenye nyuzi: krisotaili, ambayo ni nyeupe na ndiyo iliyotumika zaidi; amosaiti ya kahawia; krosidolaiti ya buluu; halafu tremolaiti, aktinolaiti na anthofilaiti. Haiungui kwa moto wa kawaida, haiozi, na inaipa saruji nguvu. Mwaka 1901 Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kuichanganya na saruji na kutengeneza karatasi nyembamba ngumu, na tangu hapo ikasambaa duniani kwenye mapaa, matangi, mabomba, mifereji ya maji, kuta za ndani, dari, vigae, gundi, rangi nzito za dari, vifuniko vya mabomba yanayopata joto, hata ubao wa nyuma ya fyuzi.

Madhara yanatokana na vumbi lake. Nyuzi ni nyembamba kiasi kwamba zinapita pua na koo hadi ndani kabisa ya mapafu, zinakaa huko, na mwili hauwezi kuzitoa zote. Miaka 20 hadi 40 baadaye, na pengine zaidi, unakuja ugonjwa: asbestosisi, yaani makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, au mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini.

Sasa angalia tofauti. Asbesto iliyoshikwa na saruji au plastiki, ikiwa nzima na hakuna anayeikata, kuitoboa wala kuikwaruza, inatoa nyuzi chache mno. Hiyo mara nyingi huachwa ilipo, inaandikwa kwenye kumbukumbu za nyumba, inaangaliwa kila baada ya muda. Kuikata ili uijue kunaleta hatari ambayo haikuwepo.

Kwa hiyo kama hutabadilisha paa, usilipime. Lichukulie kuwa ni asbesto, basi. Vigae vya jikoni ukitaka kuvifunika kwa sakafu mpya bila kuving'oa wala kuvipiga msasa, navyo viache. Dari ndilo linalonitia wasiwasi. Bodi iliyolainika na kumomonyoka si sawa na saruji. Zipo bodi za kuzuia moto na joto zilizotiwa asbesto nyingi, mara nyingi amosaiti, na hizo zinaachia nyuzi kwa urahisi. Funga mlango wa chumba hicho leo. Usifagie kilichoanguka.

#3 Kokoto

Mbona kuna njia rahisi. Chukua kipande, kiwashe kwa kiberiti. Kikiungua si asbesto, kisipoungua ni asbesto. Pia ukikivunja ukaona nyuzi zimetokeza, umeshapata jibu. Wazee wa ujenzi wote wanajua hivyo.

#4 Lenzi

Ndugu Kokoto, naomba watu wasifanye hivyo. Nafanya kazi maabara, sampuli za namna hii ndizo ninazozitazama kila siku.

Saruji haiungui, iwe na asbesto au isiwe nayo. Sufu ya kioo haiungui. Jasi haiungui. Kiberiti hakikwambii chochote, na ili kuwasha kipande lazima kwanza ukivunje mbele ya uso wako, jambo ambalo ndilo tunalolikimbia.

Nyuzi zinazoonekana pia hazithibitishi kitu. Baada ya nchi nyingi kupiga marufuku asbesto, viwanda vilianza kutia nyuzi za karatasi, za plastiki au za kioo kwenye karatasi zilezile za saruji zenye mawimbi yaleyale. Ukiziweka mbili pamoja, moja ya zamani na moja mpya iliyochakaa kwa jua, hata mimi sizitofautishi kwa macho. Na nyuzi hatari kuliko zote ni zile usizoziona: uzi mmoja mmoja wa krisotaili hauonekani kabisa kwa macho. Rangi nayo inadanganya. Krosidolaiti iliyozama kwenye saruji haionekani buluu.

Umri wa nyumba unasaidia, lakini kwa upande mmoja tu. Iceland ilianza kuzuia mwaka 1983. Uingereza ilizuia ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, ya nyeupe mwaka 1999. Australia ilifunga mlango mwisho wa 2003, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, Afrika Kusini 2008, Kanada 2018, na Marekani ilitoa katazo la krisotaili mwaka 2024. Kuna nchi ambazo bado zinachimba na kuuza. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa muda mrefu baada ya katazo la nchi yake ina uwezekano mdogo sana. Nyumba ya zamani haithibitishi chochote, inakupa sababu ya kushuku tu.

#5 Kenchi

Asante sana Msumari na Lenzi. Chumba nimeshakifunga na nimeweka mkanda chini ya mlango.

Lenzi, hivyo vifurushi vya kujipimia vinafanya kazi kweli, au ni biashara ya kuwatia watu hofu?

#6 Lenzi

Vingi ni vya kweli, ila jina lake linapotosha. Hakuna kifaa cha nyumbani kinachokupa jibu papo hapo, na anayekuuzia cha namna hiyo mkimbie. Ndani ya kifurushi utakuta mifuko miwili mitatu, lebo, glovu, labda barakoa, fomu na bahasha. Upimaji wote unafanyika maabara. Kwa hiyo swali la maana ni hili: nani atakayeipokea hiyo bahasha? Hakikisha maabara imepewa ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, na kwamba ithibati hiyo inataja upimaji wa asbesto, maana maabara inaweza kuwa nayo kwa ajili ya maji au udongo na isiwe nayo kwa asbesto.

Sampuli ikifika, kwanza tunaiangalia kwa hadubini ya kawaida ndani ya kabati linalovuta hewa, tunatafuta nyuzi zilipojificha. Tunazitoa moja moja kwa koleo dogo, tunazilaza kwenye kioo ndani ya kimiminika ambacho tunajua kinavyopinda mwanga, kisha tunazitazama kwa hadubini ya polaraizi, yaani inayotumia mwanga uliochujwa utetemeke upande mmoja tu. Kila aina ya asbesto ina rangi na tabia zake chini ya mwanga huo. Krisotaili hujipinda kama nywele zilizosokotwa, amosaiti na krosidolaiti hunyooka. Mtu aliyefundishwa vizuri hazichanganyi na nyuzi za karatasi.

Lakini vigae vyako vya jikoni ni habari nyingine. Kiwandani asbesto ya vigae vya plastiki ilisagwa laini sana na ikafunikwa kabisa na plastiki. Hadubini ya mwanga inaweza isizione. Sampuli ya kigae ikirudi na jibu la "haikuonekana" kwa njia hiyo pekee, jibu hilo si la kuaminika. Omba irudiwe kwa hadubini ya elektroni, inayoona vitu vidogo zaidi kuliko ya mwanga. Na gundi nyeusi ipimwe peke yake, kwa sababu mara nyingine kigae hakina kitu na gundi ndiyo yenye asbesto.

Jambo jingine ambalo vifurushi havisemi kwa sauti: sampuli moja inazungumzia kipande kile kilichomo mfukoni tu. Rangi nzito ya dari, iwe ilipulizwa au ilipakwa kwa mkono, ilichanganywa kwenye ndoo, na ndoo hii si ndoo ile. Kwa shule za Marekani, kanuni ya vitu vilivyopulizwa au kupakwa ni sampuli 3 kwa eneo dogo la hadi futi za mraba 1,000, 5 likifika 5,000, na 7 likizidi hapo. Mwenye nyumba anayetuma kipande kimoja, akapata jibu la hapana, kisha akakwangua dari la nyumba nzima, amefanya uamuzi mkubwa kwa ushahidi mdogo sana. Jibu la ndiyo huwa linatosha kwa sampuli moja. Jibu la hapana halitoshi.

#7 Bi Kizingiti

Nimesoma yote na naona mazungumzo yanaelekea kumfundisha mtu kukata. Mimi napinga, na nitaeleza sababu.

Baba yangu alifunga vifuniko vya mabomba yanayopata joto kiwandani. Hakuugua. Aliyeugua ni mama, ambaye hakuwahi kukanyaga kiwandani. Yeye alifua ovaroli. Mesothelioma ilimtokea akiwa bibi wa wajukuu, na daktari alipouliza historia ya kazi, tulijibu kuwa hakuwa na kazi inayohusika. Tulikuja kuelewa baadaye.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1960 mtafiti Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma nchini Afrika Kusini, karibu wote waliunganishwa na krosidolaiti ya eneo la Northern Cape, na baadhi yao waliishi tu karibu na migodi. Mwaka 1965 utafiti wa London ukaonyesha wagonjwa ambao walichoshiriki ni kuishi nyumba moja na mfanyakazi. Nguo zinatosha. Kenchi ana watoto wawili. Mtu akikata bodi iliyooza akiwa na fulana yake, akatoka akambeba mtoto, tumemsaidia nini kwa kumfundisha kukata?

Gharama ya mkaguzi inauma, naelewa. Lakini yeye ana mashine ya kuvuta vumbi yenye chujio la HEPA, linalonasa hata chembe ndogo sana, ana nguo za kutupa, na amefundishwa. Mwiteni.

#8 Msumari

Bi Kizingiti, pole sana kwa mama. Nguo ulizozitaja ni sehemu ambayo watu wengi hawaifikirii kabisa, na nimeiweka kwenye maelezo yangu hapa chini kwa sababu yako.

Ninakubaliana nawe kuhusu dari la Kenchi. Kitu chochote kinachovunjika kwa vidole, kilicholainika, kilichopulizwa, sufu iliyozungushiwa bomba, au chembe zilizomwagwa juu ya dari, mwenye nyumba asikiguse. Nikiziongelea hizo chembe: kuna vamikulaiti, madini mepesi yanayong'aa yaliyotumika kuzuia joto. Nyingi iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, na ilikuwa imechanganyika na asbesto ya asili. Ushauri wa mamlaka ya mazingira ya huko ni kwamba ukiikuta juu ya dari usiipime, usiichezee, ichukulie kuwa ni chafu. Hata sampuli yake inaweza kudanganya kwa sababu asbesto haikusambaa sawasawa ndani yake.

Ninapotofautiana nawe ni hapa. Katazo la jumla la "usikate kamwe" halimzuii mtu kutoboa. Nimeona nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba aliogopa gharama ya mkaguzi, akaambiwa kujipimia ni hatari, akaamua kutopima kabisa, halafu fundi akaja na grainda. Dakika chache za grainda kwenye karatasi ya saruji zinatoa vumbi ambalo halilinganishwi na kipande cha ukubwa wa ukucha kilichokatwa kikiwa kimelowa. Nikipewa kuchagua kati ya mtu kukata sampuli kwa uangalifu na mtu kubomoa gizani, nachagua sampuli.

Kwa hiyo mipaka yangu ni hii. Kitu kiwe kigumu na kizima: saruji, kigae cha plastiki, ubao wa fyuzi ambao umeme umekatwa na fundi umeme. Kifikiwe ukiwa umesimama sakafuni. Uwe na sababu, yaani kazi inayokuja. Na sheria ya nchi yako ikuruhusu. Kuna nchi zinazomwachia mwenye nyumba anayeishi humo, lakini ukiwa umepangisha au una wafanyakazi, masharti hubadilika. Ukikosa moja kati ya hayo, mwite mtaalamu.

Anayetimiza hayo yote afanye hivi. Watoto na wengine watoke nje ya nyumba. Zima feni na kiyoyozi, funga madirisha ya chumba hicho. Tandika nailoni chini. Vaa barakoa ya P3, P100 au FFP3, hizo ni daraja za juu za kuchuja vumbi, na iwe imebana usoni. Ndevu zinaivunja ile nafasi ya kubana, na barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu hapa. Vaa ovaroli ya kutupa na glovu. Pulizia maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, uyaache yazame, kisha upulizie tena. Chagua pembe au palipokwisha kupasuka, usianzishe tundu jipya katikati. Kata kwa patasi au kisu, taratibu, unene wote kutoka juu hadi chini, kwa sababu tabaka la juu linaweza kuwa safi na la chini lisiwe. Drili na msumeno wa umeme visikaribie. Kitie kipande kwenye mfuko, ufunge, uufute kwa karatasi mbichi, uutie kwenye mfuko wa pili, uandike umetoka wapi hasa: "jikoni, kigae, upande wa dirisha." Paka rangi au gundi pale ulipokata.

Kisha nguo. Vua ovaroli ukiikunjia ndani, ukiwa bado na barakoa, na barakoa iwe ya mwisho. Ovaroli, glovu, nailoni na karatasi za kufutia, vyote viingie mfuko mmoja uliofungwa na kuwekwa alama, ufuate utaratibu wa taka za asbesto wa pale ulipo. Oga, osha nywele. Usilete nguo hata moja kwenye kapu la kufulia.

Na paa. Nasema hili kwa herufi kubwa kwa sababu linaua siku hiyohiyo: USIPANDE. Mabati ya saruji ya zamani hayabebi mtu. Yanaonekana imara, unakanyaga, unapita hadi sakafuni. Hata mafundi wa mapaa hufa hivyo. Wala usiyaoshe kwa maji ya presha kutoa kuvumwani. Uso wa saruji unachubuka na nyuzi zinamwagika hadi kwa jirani.

#9 Bi Kizingiti

Mipaka hiyo naweza kuikubali, ikiwa watu wataisoma yote na si aya ya kukata peke yake. Ombi langu moja: mwenye pumu au mwenye mapafu yaliyokwisha kudhurika asiifanye hata kama kitu ni kigumu. Kuvuta pumzi ndani ya barakoa nzito ni kazi, na mtu akizidiwa ataivua katikati ya vumbi.

#10 Tangi

Samahani kuingilia. Sisi tunakinga maji ya mvua kutoka paa la aina hiyohiyo, tunayanywa. Tupime maji?

#11 Lenzi

Tangi, ushahidi wa madhara ya kumeza asbesto ni dhaifu sana kuliko wa kuvuta hewani, na Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha mwisho kwa maji ya kunywa. Marekani ina kikomo chake, nyuzi milioni 7 kwa lita, zikihesabiwa zile zenye urefu unaozidi maikroni 10 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kupima maji kunahitaji hadubini ya elektroni, na kunagharimu zaidi ya kupima kipande cha paa.

Mimi ningeangalia mfereji kabla ya maji. Tope linalojikusanya kwenye mfereji wa paa la namna hiyo lina nyuzi zilizochubuka kwa mvua za miaka mingi. Likikauka na kuzolewa kwa mkono, hapo ndipo linapovutwa puani. Lisafishwe likiwa bichi, kutoka kwenye ngazi iliyosimama chini, na mtu mwenye vifaa.

#12 Zege

Kwangu hali ni mbaya zaidi. Wamiliki waliotangulia walikata karatasi za saruji ndani ya stoo kwa grainda, vumbi la kijivu lipo hadi leo kwenye rafu na sakafuni. Mke wangu anataka tulifagie tulitupe. Na tumekuwa tukiingia humo kuchukua vitu. Twende hospitali tukapimwe?

#13 Msumari

Zege, msifagie, na mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi isiguse hapo. Mashine isiyo na chujio la HEPA inazichukua nyuzi upande mmoja na kuzitoa upande wa pili zikiwa hewani. Fungeni stoo. Msitoe vitu vilivyomo mpaka vifutwe. Hii ni kazi ya mtaalamu tangu sampuli hadi usafi: vumbi lililotua hukusanywa kwa mkanda wa kunata au kitambaa maalumu, na likithibitishwa wanasafisha kwa mashine za HEPA na vitambaa vibichi.

Kuhusu hospitali, nakuambia ninavyowaambia wateja wangu. Hakuna kipimo cha leo kitakachoonyesha nyuzi mlizovuta mwezi uliopita, na picha ya eksirei itakuwa safi kwa sababu mabadiliko huchukua miaka. Kuingia mara chache kuchukua kitu si sawa na kufanya kazi humo kwa muda mrefu. Hatari inakua kadiri unavyovuta zaidi na kwa muda zaidi, ingawa hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa hakina hatari yoyote. Mwambieni daktari wenu aiandike kwenye faili. Na kama yeyote anavuta sigara, aache sasa. Sigara na asbesto vikikutana kwenye mapafu, hatari ya saratani inapanda kupita jumla ya vyote viwili.

#14 Kokoto

Nimewaelewa kuhusu kiberiti, nimejifunza. Sasa swali la kweli: kwa nini watu wasipime hewa tu? Unaweka mashine chumbani, unajua kama ni salama, hukati kitu.

#15 Lenzi

Swali zuri, na wengi wanauziwa huduma hiyo bila kuelezwa. Kipimo cha hewa kinajibu swali moja: saa ile mashine ilipokuwa inavuta, hewani kulikuwa na nyuzi ngapi. Dari lenye asbesto ambalo leo limetulia litatoa jibu safi, kesho ukilitoboa hali inabadilika kabisa. Kipimo hakikwambii dari lina nini.

Halafu njia ya kawaida ya kuhesabu hewa, hadubini ya tofauti ya awamu, inahesabu kila uzi wenye umbo fulani: urefu zaidi ya maikroni 5, upana chini ya 3, urefu mara tatu ya upana au zaidi. Nyuzi za nguo na karatasi zinaweza kuhesabiwa humo. Na nyuzi nyembamba sana za asbesto haizioni. Ukitaka kutenganisha, ni hadubini ya elektroni tena.

Kipimo cha hewa kina mahali pake, na ni muhimu: baada ya asbesto kuondolewa na chumba kusafishwa, kabla watu hawajarudi. Hapo kinahitajika, na kifanywe na mtu asiyehusiana na walioondoa.

#16 Kenchi

Wakuu, nimezungumza na mwenzangu na tumeamua hivi. Paa tunaliacha, tunaliandika kuwa ni asbesto, hakuna atakayepanda. Vigae tunavifunika bila kung'oa wala kupiga msasa, kwa hiyo sipimi. Dari la kile chumba namwita mkaguzi achukue sampuli, pamoja na bodi za vyumba vingine zinazofanana nayo. Kwa hiyo mimi sikati kitu chochote, ingawa nilikuja nikitaka kukata.

Bado nina shaka moja. Ripoti ikija, naisomaje? Na je, anayepima ndiye nimpe kazi ya kuondoa? Ameshaniambia anafanya yote mawili kwa bei nafuu.

#17 Lenzi

Kwenye ripoti angalia kwanza mstari wa mahali, uhakikishe sampuli zote ziliandikwa chumba kwa chumba na si "dari" tu. Kisha aina: krisotaili, amosaiti, krosidolaiti au nyingine. Kisha njia iliyotumika. Asilimia utakayoiona mara nyingi ni makadirio ya jicho chini ya hadubini, kwa hiyo usihangaike na tofauti ya 10 na 15. Cha kuhangaikia ni neno "chembe" au "chini ya 1%". Marekani inahesabu kitu kuwa cha asbesto kikizidi 1%, na watu huchukua hilo kuwa ruhusa ya kubomoa chini ya hapo. Bodi inayomomonyoka yenye asilimia ndogo, ukiivunja chumba kizima ikiwa kavu, bado inajaza hewa. Ukiona jibu la namna hiyo, omba ihesabiwe upya kwa njia ya nukta, yaani kuhesabu nukta moja moja chini ya hadubini badala ya kukadiria, au kwa hadubini ya elektroni, na itolewe kwa tahadhari zilezile.

Kama ripoti ya bodi ina tabaka kadhaa, rangi, plasta, bodi yenyewe, kila tabaka liwe na jibu lake.

#18 Msumari

Kuhusu anayepima na kuondoa: watenganishe. Hata akiwa mwaminifu kabisa, mtu anayepata kazi kubwa jibu likiwa "ndiyo" hapaswi kuwa ndiye anayeamua sampuli ikatwe wapi na ngapi. Mlipe mkaguzi wa kupima peke yake, ripoti iwe mali yako, halafu uipeleke kwa waondoaji wenye kibali wakupe bei wakiwa wameisoma.

Na mwambie wazi kwamba unakwenda kukarabati. Kuna ukaguzi wa kutazama tu na kuchukua sampuli palipo wazi, na kuna ukaguzi wa kabla ya ukarabati ambapo anafungua nyuma ya kuta, chini ya sakafu na juu ya dari pale kazi itakapopita. Wewe unahitaji wa pili. Ripoti ya wa kwanza haitasema chochote kuhusu bomba lililofichwa nyuma ya hiyo bodi, na fundi wako ndiye atakayelikuta.

Nakala ya ripoti mpe kila fundi kabla hajafungua begi la vifaa: wa umeme, wa mabomba, wa rangi. Kwenye mlango wa kupandia darini bandika karatasi inayosema paa ni la asbesto na halibebi mtu.